Mpasua Miamba Aliyesikia kwa Viganja

Marehemu, ambaye karibu sote tulimwita Radi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kitinda mimba wa mfua vyuma. Alimaliza darasa la saba mwaka 1976. Shuleni alisifika kwa ngumi kuliko hesabu. Dada yake aliyepo hapa bado ana pengo la kuthibitisha.

Mwaka 1979 aliajiriwa kulipua miamba kwenye machimbo ya mawe. Tarehe 14 Juni 1988 baruti ililipuka kabla watu hawajakimbia. Swahiba wake aliraruliwa palepale. Radi alitupwa kwenye kokoto, damu ikimchuruzika masikioni, na alipozinduka dunia ilikuwa kimya.

Hospitalini alivunja dirisha, akamrushia muuguzi beseni la chuma. Likamkosa chupuchupu. Muuguzi, mwanamke asiyetishika, aliliokota, akamkandamizia kifuani na kuligonga kwa kijiko kwa nguvu zake zote.

“Nimelisikia!” Radi alinguruma.

Muuguzi akamwandikia: ndani ya sikio mna seli zenye vinywele. Sauti huvitikisa, vikainama, vijilango vikafunguka, umeme ukakimbia kwenye neva hadi ubongoni. Mlipuko umevifyeka, na havioti tena. “Lakini ngozi nayo ina seli zake. Ukiitikisa, hupeleka umeme vilevile. Acha kuvunja vitu vyangu, jifunze kuitumia.”

Akajifunza. Akiweka kiganja kooni mwa muuguzi huyo na kutazama midomo yake, alimwelewa. Walioana tarehe 1 Desemba 1990, na “Ndiyo!” ya Radi ilimrusha mfungishaji ndoa kitini.

Alirudi machimboni kuchonga mawe. Tarehe 3 Septemba mwaka huu, viganja vikiwa mwambani, alihisi mtetemo.

“Tokeni! Unakatika!”

Wenzake wakacheka. Aliwakamata mashati, akawaburura, na aliyebisha akala teke la mgongo. Kisha mwamba ukashuka, ukamponda miguu na mikono yote miwili.

Tarehe 11, mikono ikiwa imekufa ganzi, mkewe alimwinamia, akambana shavu kwa koo lake, akasema polepole, “Wote wametoka, mume wangu. Hata uliyempiga teke. Yuko mlangoni analia.”

Marehemu aliyatafuta maneno yale kwenye ngozi ya shavu. Kisha akatabasamu.

“Mwambie angetoka mapema,” alisema, na jioni hiyo akakata roho.

Ameacha mjane, dada, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na wachonga mawe sita waliobeba jeneza lake leo. Mwamba haumtikisi tena. Apumzike kwa amani.