Picha za Doto: Risala ya Kikundi cha Tunza Sura

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Maktaba ya Mji,

"Usiniambie samahani! Samahani naibandika ukurasa wa ngapi wa albamu?"

"Mama Pacha, nimeshakuomba radhi mara kumi."

"Omba ya kumi na moja, halafu uniambie mwanangu yuko wapi!"

Bila shaka umeyasikia hayo ulipokuwa unapanda ngazi. Tunaiandika risala hii siku mbili kabla hujafika, lakini majirani zetu tunawajua. Mama Pacha wa ghorofa ya tatu na Katibu wetu wa ghorofa ya pili wanagombana palepale kwenye kona ya ngazi tangu mwezi uliopita, na hakuna mgeni atakayewahamisha. Usishtuke. Hapa kwetu ugomvi ni dalili kwamba watu bado wanasemezana.

Karibu sana. Jengo zima limepigwa deki, hata ngazi za kwenda kwenye paa, ambako hakuna atakayekupeleka. Kinyozi ameahidi kufunga duka ukifika, na Fundi Cherehani ameshona kitambaa kipya cha meza na anaomba ukisifie hata kama hukukiona. Anayekusomea ni Katibu mwenyewe. Kamati imemwagiza asome kila neno, pamoja na yanayomhusu, na asijifanye kukohoa ili aruke aya.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilizaliwa ndani ya ndoo. Miaka miwili iliyopita simu ya Fundi Cherehani ilichupa kutoka mfuko wa aproni ikazama kwenye maji ya kufulia, ikiwa na picha za kila gauni alilowahi kushona. Alilia kilio cha mbwa, mdomo juu. Wateja nao wakalia, maana mishono waliyoahidiwa ilikuwa humo. Jioni ileile kaya kumi na sita tukakaa chumba cha chini, kile cha karibu na bomba, tukaulizana: picha zetu ziko wapi? Ikaonekana ziko kila mahali, maana yake haziko popote.

Tukamchagua Katibu, kwa kuwa ana kompyuta na hana mke wa kumwuliza anafanya nini nayo.

TULIYOYAFANYA

Mgeni rasmi, hapa turuhusu tujisifu. Zamani kila mtu alikuwa na folda inayoitwa "Mpya", ndani yake "Mpya Kabisa", na ndani yake "Mpya Kabisa ya Kweli". Leo kila folda inaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha tukio. Ukitaka siku bomba lilipopasuka, unaipata kabla chai haijapoa. Tumepanga picha elfu arobaini na moja. Mia tatu ni kidole gumba cha Fundi Bomba. Ipo pia moja tuliyoikuta kwenye simu ya Kinyozi, ambayo hatutaizungumzia mbele yako, ila mwenyewe anajijua na shemeji yake anajijua.

Tena kila picha ina makazi matatu: kompyuta ya Katibu, diski iliyo kwenye kabati la chumba cha chini, na diski nyingine ng'ambo ya barabara, dukani kwa Fundi Cherehani, ili moto ukija huku usikute zote. Kila Jumamosi Katibu anazifananisha diski mbili na kompyuta. Kilichoongezwa kompyutani kinaongezwa kwenye diski. Kilichofutwa kompyutani kinafutwa kwenye diski.

Tafadhali ikumbuke sentensi hiyo ya mwisho. Sisi hatukuikumbuka.

YALIYOTUKWAZA

Mama Pacha ana mabinti wawili: Kurwa, na Doto aliyemfuata dakika tisa baadaye. Tangu wakiwa wachanga alijiwekea sharti la haki. Hakuwapiga picha pamoja, asije mmoja akasema mwenzake kakaa katikati. Alimkalisha Kurwa kwenye kiti, akabonyeza. Akamwondoa Kurwa, akamkalisha Doto kiti kilekile, gauni lilelile, akabonyeza tena. Hivyo kwa miaka kumi na minne, mpaka walipogoma wenyewe.

Sasa miezi miwili iliyopita kompyuta ilijaa. Katibu akaamua kuondoa picha zilizojirudia. Programu ya kazi hiyo ipo, lakini yeye alisema mashine haina jicho. Akajifungia na chupa ya chai, akafungua folda ya Mama Pacha, akaona mtoto yuleyule, kiti kilekile, gauni lilelile, mara mbili mbili mwaka hadi mwaka. Akabakiza ya kwanza, akafuta ya pili. Picha mia mbili na kumi na moja. Akatoka anatabasamu: "Jamani, nimepata nafasi ya harusi tatu!"

Nasi tukampigia makofi. Hilo tunaliungama kama kikundi. Jumamosi akafananisha diski, na kuanzia hapo tulikuwa na nakala tatu za kosa moja. Kadi ya kumbukumbu aliyokuwa nayo Mama Pacha ilikuwa imeshafutwa na kupewa shemeji yake, kwa kuwa sisi wenyewe tulimwambia, "Mama, ya nini kubeba mzigo? Picha zako ziko salama."

Mwezi uliopita akaja kuchukua picha za kutengenezea albamu. Mwisho wa mwezi huu Doto anaolewa, anahamia mbali, na mama alitaka kumwekea utoto wake kwenye sanduku. Kurwa alikuwa na picha mia mbili na kumi na moja. Doto hakuwa na hata moja iliyopigwa kabla ya kugoma.

Doto mwenyewe alicheka. "Kumbe nilizaliwa nikiwa na miaka kumi na minne! Ndiyo maana mama alichoka hivyo." Alicheka mpaka mlango wa bafuni ulipofungwa, na maji yakafunguliwa kwa muda mrefu kuliko anavyooga mtu.

Kurwa akasema, "Mama, mpe nusu ya zangu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema Mama Pacha.

Katibu akajaribu hekima: "Maji yakimwagika hayazoleki, mama yangu."

"Basi chukua kitambaa uyafyonze!"

Tangu siku hiyo Katibu amekonda. Amezungukia kaya zote kumi na sita kuuliza simu za zamani, amepekua hata droo za watu wasiomsalimia. Amepata kisigino kimoja cha Doto, nacho Mama Pacha anasema ni cha Kurwa.

TUNAYOYAOMBA

Ombi la kwanza ni rafu ndogo maktabani kwako, tuweke diski ya nne isiyofananishwa na chochote. Diski inayokaa na tarehe yake, hata Katibu akikosea leo, ya mwaka jana isimsikie. Ombi la pili, utuazime mpanga vitabu wako kwa siku moja atufundishe kuandika majina ya watu kwenye picha, siyo matukio tu. Tungeandika "Kurwa" na "Doto", tusingefika hapa.

Mgeni rasmi, barua yetu ilisema unakuja kuzindua kabati la diski. Kabati lipo, ila kusema kweli tulishalizindua wenyewe zamani. Tulikuita kwa sababu Mama Pacha amekumbuka jambo. Ulipokuwa ungali karani, ulikuwa mpangaji wa chumba kile cha karibu na bomba. Siku mapacha walipotimiza miaka mitano ulikuja na kamera yako mpya ya rangi ya fedha, ukawafuata watoto chini ya meza na juu ya vitanda mpaka betri ikaisha. Wewe hukumpanga mtu kwenye kiti. Mwezi uliofuata ukahama, na hakuna aliyekuomba picha. Kamera hiyo, au kadi yake, bado unayo?

(Aya hii imeongezwa leo asubuhi.) Mgeni rasmi, karani wako amepiga simu kuthibitisha safari, kisha akauliza: "Mkurugenzi anataka kujua, wale mapacha wa ghorofa ya tatu bado wapo? Kuna kitu amekiweka kwenye mkoba." Jengo limetikisika! Fundi Cherehani ametoka na sindano mdomoni. Kinyozi kamwacha mteja na upande mmoja wa nywele. Katibu amekaa chini palepale ngazini, na Mama Pacha, kwa mara ya kwanza mwezi huu, ameketi pembeni yake.

Hatujui ni kitu gani. Inawezekana ni miwani tu. Lakini Mungu akupe macho marefu na siku nyingi za kuyatumia, akulindie wako wote, wa kwanza na wa pili. Ndivyo tunavyokuombea sisi wapangaji, Kikundi cha Tunza Sura.

Katibu, kunja karatasi, mpishe mgeni. Mkurugenzi, karibu ndani kwa Mama Pacha, chakula kimeshapakuliwa. Kando ya sahani yako tumepanga chaja za kila aina zilizomo humu jengoni, na Doto amekuwekea kiti karibu na chake. Ingia, nawa mikono, ule.