Warigia wa Mugutha na Lebo ya Maziwa Lala

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Warigia Wanyoike wa Mugutha, Ruiru. Wengi mlimjua kama Mama Tabby. Wengine hamkumjua, lakini mlikunywa maziwa lala yake. Mama Tabby alituacha mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kiwanda kimoja cha vyakula mjini Thika. Alibandika lebo kwenye mikebe. Siku moja msimamizi alileta mikebe iliyokaa sana stoo, pamoja na lebo mpya. Tarehe ya mwisho ya kutumika ilikuwa imesogezwa mbele mwaka mzima. Warigia alikuwa na mimba ya miezi saba. Aliogopa kufutwa. Akabandika. Siku nzima akabandika.

"Hakuna mtu tulisikia amegonjeka," alimwambia binti yake miaka mingi baadaye. "Lakini nikiona mtu amebeba hiyo mkebe sokoni, nilikuwa naangalia kando."

Mtoto alipozaliwa, ambaye ndiye Tabby, Warigia hakurudi kiwandani. Alinunua ng'ombe mmoja, akaanza kugandisha maziwa lala jikoni kwake Mugutha. Miaka ikasonga. Wafugaji wengine wanane wakajiunga naye, akiwemo mzee Githinji wa Ngoingwa, kule Thika. Wakachimba shimo la samadi nyuma ya nyumba ya Warigia, wakalijengea na kulifunika ili likusanye gesi. Gesi ya lile shimo ndiyo iliyochemsha maziwa yao yote.

Kisha wakatafuta cheti cha bidhaa zinazolinda mazingira. Iliwachukua miaka mitatu. Wakaguzi walipima maji, wakapima malisho, wakahesabu hata chupa zinazorudishwa. Cheti kilipotoka, Warigia aliandika maneno ya lebo mwenyewe. Chini ya alama ya cheti aliandika hivi: Maziwa haya yamechemshwa kwa gesi ya samadi. Hakuna kuni, hakuna makaa.

Supamaketi mbili za Thika zikachukua maziwa yao. Tabby akaacha kazi yake ya duka la simu Nairobi, akaja kumsaidia mama kuuza.

Halafu, wasikilizaji wapendwa, mvua ya Aprili ikapasua lile shimo. Gesi ikaisha. Kulirekebisha kungechukua wiki tatu, na maziwa hayangoji. Wakawasha makaa.

"Mum, ni wiki tatu tu," Tabby alimsihi. "Ladha ni ile ile. Nani atajua?"

Warigia alikuwa ameinama juu ya sufuria, akijifuta machozi ya moshi. "Tumeandika hakuna makaa," alisema. "Na makaa ndio hii, inaniwasha macho."

Akachukua simu, akawapigia waliowapa cheti, akawaambia habari za makaa, binti yake akiwa amesimama hapo hapo.

Cheti kikasimamishwa. Miezi mitano. Supamaketi zikarudisha chupa. Mzee Githinji alifika Mugutha amekasirika. "Mama Tabby, umetuchoma sisi wote. Kwani nani alikuuliza?" Akapeleka maziwa yake kwingine. Naye Tabby akafunga nguo zake, akahamia chumba kimoja katika mtaa wa Kimbo. Miezi miwili hakumpigia mama yake simu.

Warigia hakuacha kazi, ingawa bila pesa za supamaketi ujenzi wa shimo ulichelewa kwa miezi. Aliuza rejareja, kwa majirani na vioski vya karibu. Kila chupa aliibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono.

Moja ya chupa hizo ilifika Kimbo, kwa Aoko, jirani mpya wa Tabby. Aoko hakujua Tabby ni binti ya nani. Alikuwa anamnywesha mtoto wake mlangoni. Tabby akauona mwandiko, akaomba kuisoma ile karatasi. Ilisema: Wiki hizi tumetumia makaa. Mtuwie radhi. Shimo likipona tutawaambia.

"Mimi nanunua hii tu," Aoko alisema. "Huyu mama kama ananiambia mambo ya makaa, hata maziwa ikiwa na shida ataniambia."

Tabby alifika Mugutha jioni ile ile. Mama yake alimtazama, akasogeza kigoda, akampa kitambaa. "Panguza hizo chupa," alisema. "Umekula?" Tabby akalia huku anapanguza.

Shimo lilirekebishwa. Siku ya mwisho ya ujenzi, mzee Githinji alitokea na mchanga kwenye mkokoteni. "Nimeleta mchanga," alisema. Warigia akamwonyesha pa kuumwaga. Alimpa chai. Miezi mitano ilipotimia mkaguzi alirudi, na cheti kikarudi.

Figo ndizo zilizomchukua Mama Tabby, baada ya mwaka mmoja wa kwenda hospitali na kurudi. Kitandani alikuwa anauliza habari za ng'ombe kwa majina yao.

Baada ya mazishi, wafugaji walikutana. Kwenye lebo palikuwa pameandikwa: Mtengenezaji, Warigia Wanyoike. Mzee Githinji aliomba jina liachwe hapo, kwa heshima. Wote wakakubali.

Tabby aliichukua lebo, akaisoma. "Ningependa sana likae," alisema. "Lakini Mum hatengenezi tena. Sasa ni sisi."

Kesho yake akaenda kwa mchapishaji wa lebo mjini Thika, akamwomba alitoe jina la mama yake. Anasema hiyo ndiyo safari iliyomwumiza kuliko ile ya makaburini.

Kwa Tabby, kwa mzee Githinji, na kwa wafugaji wote wa Mugutha na Ngoingwa: poleni sana. Mungu awashike mkono. Tunalia nanyi.

Nawe uliye nasi, leo ukichukua chupa ya maziwa dukani, isome kabla ya kulipa. Mahali fulani kuna mtu aliyekaa chini kuyaandika maneno yale. Tumwombee awe na moyo wa Warigia.