Polycarp Kondo, Aliyetazama Watu wa Nyuma (1895–1938)

Marehemu Polycarp Kondo, tunayemzika leo, alizaliwa Pugu tarehe 26 Januari 1895, siku ya Mtakatifu Polycarp, na padri aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina jingine. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Kondo, seremala, na Bibi Nunu, ambaye tuko naye hapa kando ya kaburi. Mdogo wake wa pekee, Severini, alizaliwa mwaka 1899. Baba yao alipofariki mwaka 1908, mama alihamia Dar es Salaam na wanawe wawili, akawalea kwa kupika vitumbua na kuviuza karibu na bandari.

Polycarp alisoma shule ya misheni ya mjini. Alikuwa na hati nzuri kuliko baadhi ya walimu wake. Padri mmoja alizoea kuwaonyesha watoto picha za Nchi Takatifu kwa taa, juu ya shuka jeupe. Katika picha moja alikuwamo ngamia aliyeinua mguu. Siku hiyo wenzake walitoka wote, yeye akabaki ameketi. Padri akamuuliza anangoja nini.

"Nangoja ashushe mguu, Padri. Amechoka."

Padri alicheka mpaka akavua miwani. Polycarp hakuona la kuchekesha.

Mwaka 1913 aliajiriwa ukarani bandarini. Waingereza walipoingia mjini Septemba 1916, walimchukua kwa sababu ya hati ile ile, wakampa kazi ya kuandika majina ya wapagazi wa vita katika kambi iliyokuwa kwenye jengo la soko, pale ambapo sasa sote tunapaita Kariakoo. Neno linalofuata mjane wake, Bi. Sophia, ameruhusu lisomwe, kwa kuwa marehemu mwenyewe alitaka lisomwe. Asubuhi ya tarehe 3 Aprili 1917 vijana waliokamatwa mitaani waliletwa mbele ya meza yake, na mmoja wao alikuwa Severini. Askari alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Polycarp alishika kalamu, mkono ukakataa.

"Andika, kaka," Severini akamwambia polepole. "Usipoandika wewe ataandika mwingine, nawe utapigwa bure."

Akaandika. Mama yao aliwahi kufika kabla msafara haujaondoka, akampa Severini vitumbua ndani ya kitambaa. Vijana wale walipelekwa Kilwa, na kutoka Kilwa bara. Severini hakurudi. Haikuja barua, wala hakupatikana mtu aliyerudi akasema, nilikuwa naye mahali fulani.

Vita vilipokwisha jamaa walitaka kuweka matanga. Bibi Nunu alikataa. "Mwanangu yuko safarini," alisema, "na anayemlilia msafiri anamfungia njia." Polycarp, ambaye sasa alikuwa karani wa shehena bandarini, alijenga nyumba Mtaa wa Sikukuu kwa sababu mama hakutaka kukaa mbali na pale alipomwona mwanawe mara ya mwisho. Kwa miaka mingi nyumba ile haikuweza kulia wala kucheka sawasawa.

Jumamosi tarehe 8 Novemba 1924 Polycarp alikwenda kutazama sinema Mtaa wa Wahindi, akaketi vibao vya mbele pamoja na watu wengine wa Kariakoo. Kabla ya picha kubwa ilionyeshwa picha fupi ya zamani, ya wakati wa vita. Ilikuwa bandari yetu. Wapagazi walipanga mstari, masanduku kichwani, wakiingia kwenye tishari. Wa saba katika mstari aligeuka, akacheka, akapita. Haukuwa muda wa kumaliza Salamu Maria. Polycarp alisimama akaita, "Severini!" Watu wa nyuma wakampigia kelele akae chini.

Alikimbia nyumbani kumwambia mama. Bibi Nunu alitafuta kanga yake pale pale. "Nipeleke," akasema. Lakini onyesho lilikuwa limekwisha, na Jumatatu walipofika, Bwana Praful, fundi wa mashine ya sinema, aliwaambia kuwa makopo yote ya picha yalisafirishwa Jumapili kwa meli ya Unguja. Kutoka Unguja hakujua yangekwenda wapi.

Ndivyo Polycarp alivyoanza kazi ambayo mji huu ulimjua kwayo. Aliandika barua kwa wenye sinema wa Unguja, Tanga, Mombasa na Bombay. Na kwa kuwa hakujua picha ile ingerudi lini, alikwenda kutazama kila picha iliyoshuka bandarini. Watu wakaanza kumuuliza. Mzee Ghanim, muuza kahawa wa Mtaa wa Kongo, ndiye aliyemtundikia ubao nje ya duka.

"Karani," alimwambia, "mimi miguu inaniuma. Niandikie tu, niende au nilale?"

Kila Ijumaa Polycarp aliandika kwa chaki, na baadaye gazeti moja la mwezi likawa linayachapa maoni yake. Wengi wenu mnayakumbuka. Juu ya mchekeshaji mmoja aliandika: "Akianguka mara moja nacheka. Akianguka mara saba naanza kumuuliza kama ameumia. Nendeni, mtoke mapema." Juu ya picha ya wapanda farasi: "Farasi anajua kazi yake kuliko bwana wake. Nendeni kwa ajili ya farasi." Juu ya picha iliyodai kuonyesha nchi yetu: "Wanasema ni kwetu. Nimezaliwa kwetu, sikupaona. Kaeni nyumbani." Picha za Kihindi alizipenda, akasema maneno hakuyaelewa lakini kilio alikielewa. Zilipokuja picha zinazosema, watu walizishangilia, yeye akahuzunika. Alisema zamani watu wa picha walikuwa mabubu na sisi tukiwasemea, kila kibao kwa lugha yake, na sasa wamejifunza kusema, wametunyamazisha. Hakukubali kwamba picha ya zamani imepitwa. Kama ilikuwa ya kweli mwaka ule, alisema, basi ni ya kweli hata leo, isipokuwa imechanika.

Shauri lake kubwa lilikuwa moja, na alilirudia mpaka vijana wakamwita kwa jina hilo: "Tazameni watu wa nyuma." Bwana mkubwa wa picha ameshalipiwa atazamwe, alisema. Mtazameni anayebeba mzigo, anayefagia, anayepita tu. Sababu yake hakumwambia mtu.

Kwa shauri hilo alipata mke. Mwaka 1926 binti mmoja, Sophia, mshonaji wa Mtaa wa Mchikichi, alisimama mbele ya ubao na kumkabili.

"Wewe karani umeandika tukae nyumbani. Mimi nimekwenda, nimelia, nimefurahi."

"Umemlilia nani? Yule bibi aliyeachwa?"

"Yule ana pesa, ataolewa tena. Nimemlilia mtumishi aliyefunga mlango. Hakuna aliyemuuliza usiku ule atalala wapi."

Polycarp alifuta ubao kwa kiganja, akaandika: "Nendeni. Nilikosea." Walifunga ndoa tarehe 15 Oktoba 1927, katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Walijaliwa Magdalena mwaka 1928 na Veronika mwaka 1931. Bi. Sophia ndiye mtu wa kwanza aliyeambiwa habari ya kalamu na meza ile.

Picha ilirudi mwaka 1933. Bwana Praful mwenyewe alikuja Mtaa wa Sikukuu, jasho likimtoka. "Karani, imekuja. Imekwaruzwa sana, lakini imekuja." Jumapili tarehe 20 Agosti, baada ya misa, aliwafungulia jumba tupu, akawaketisha viti vya katikati. Bibi Nunu alivaa kanga mpya. Mstari wa wapagazi ulipotokea, Polycarp alishika mkono wa mama yake.

"Yule, mama! Wa saba! Yule!"

Bibi Nunu aliomba arudishiwe. Praful akairudisha. Akaomba tena. Mara ya tatu mama aliweka mkono wake juu ya mkono wa mwanawe.

"Baba, huyu si Severini."

Polycarp alisema ni yeye, kicheko ni chake.

"Kicheko, ndiyo. Lakini Severini nilimzaa mimi. Huyu ni mtoto wa mtu mwingine."

Mashine ilikuwa inazunguka bado. Polycarp alitazama mara ya nne, na safari hii aliona alichokuwa amekataa kukiona kwa miaka tisa: mabega mapana mno, na shingo si ya nyumbani kwao. Aliinamisha kichwa. Bibi Nunu aliendelea kutazama mpaka mstari ukaisha.

"Ni wengi kiasi hiki?" akauliza. "Nami nilidhani ni wangu peke yake." Kisha akajifunga kanga vizuri. "Twendeni nyumbani. Tumwekee mwanangu matanga."

Matanga yalikaa siku tatu, miaka kumi na sita baada ya Severini kuondoka. Siku ya pili Polycarp alisema mbele ya jamaa wote kwamba ni yeye aliyeliandika jina. Mama yake alimjibu kwamba alijua tangu siku ile ile, maana alikuwa amesimama mlangoni na vitumbua. Mwaka uliofuata nyumba ile ilipata mtoto wa kiume, na kwa kuwa sasa iliwezekana, akaitwa Severini.

Polycarp hakuiacha picha. Alimwomba Bwana Praful aionyeshe kila Jumamosi kwa mwezi mmoja kabla ya picha kubwa, na ubaoni kwa Mzee Ghanim akaandika: "Picha fupi, ya zamani, haina jina. Nendeni wote. Waleteni na mama zenu." Kariakoo nzima ilikwenda, na waliokuja kutoka Mchikichini na Ilala walisimama kando ya kuta. Wa saba alipogeuka na kucheka, wanawake wanne walimwita kwa majina manne. Praful alimuuliza Polycarp ni yupi kati yao aliyesema kweli.

"Usiwaulize," alisema.

Kifua kilianza kumsumbua Desemba 1937. Alitibiwa hospitalini, akapata nafuu wakati wa Pasaka, akarudi bandarini, na mwezi Juni akalala kabisa. Alipokuwa hawezi kutoka alimtuma Bi. Sophia kwenda kutazama kwa niaba yake, kisha amsimulie kitandani, na kila mara wakabishana. Jumatano tarehe 13 Julai Bi. Sophia alitazama onyesho la alasiri, akarudi akaanza kusimulia. Walifika pale msichana anaposhuka kwenye treni na hakuna aliyekuja kumpokea. Marehemu alisema amechoka. "Bakiza, Mama Magdalena. Utanimalizia kesho." Alifariki Alhamisi tarehe 14 Julai 1938, saa tatu asubuhi, kabla hajamaliziwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu.

Marehemu ameacha mama mzazi, Bibi Nunu, mjane, Bi. Sophia, watoto watatu, Magdalena, Veronika na Severini, Mzee Ghanim na Bwana Praful, waliokuwa ndugu zake wa kuchagua, na watu wengi wa Kariakoo ambao Ijumaa hii walipita mbele ya ubao mtupu na kusimama.

Ee Bwana, mpokee Polycarp mtumishi wako. Macho yake yametafuta sana. Uyapumzishe, nayo yalale kwa amani.