Saidati na Kisu cha Siku ya Saba

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni wekeni mwiko chini kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Saidati, muuza vitumbua wa Gisenyi, aliyefariki juma lililopita. Wengi mlimjua kwa vitumbua vyake, na kwa ulimi wake pia, maana aliyechelewa kufika kwake asubuhi aliondoka na njaa na maneno juu. Wengine mlimjua kama yule mama wa shimo la hospitali. Leo mtajua kwa nini.

Mwaka 1951, mwanawe Dauda, fundi cherehani, alipata mtoto wa kwanza na mkewe Mukamusoni. Mtoto wa kiume. Mjukuu wa kwanza wa Saidati. Bibi huyo alizunguka mtaa mzima kutangaza habari, hata kwa watu aliokuwa amegombana nao.

Siku ya saba ikafika, siku ambayo kwa Waislamu mtoto hupewa jina na kunyolewa nywele. Jina likawa Yakubu. Kazi ya kunyoa akaiomba Saidati mwenyewe.

Wembe wa nyumbani ulikuwepo, lakini ulikuwa mkuukuu, naye akaukataa. Katika droo ya cherehani Dauda alikuwa na kisu kidogo cha daktari, kile cha kupasulia wagonjwa. Alikinunua sokoni, akikitumia kufumua mishono. Kiling'aa vizuri. Lakini kilitoka katika shimo la takataka la hospitali. Mnaijua ardhi yetu: ukichimba kidogo tu, jembe linagonga jiwe la volkano. Shimo lile lilikuwa la kina kifupi, halina kifuniko, na watu waliokota humo chupa, bendeji, chochote.

Mukamusoni aliuliza kama kisu kile ni salama. Saidati akamjibu, "Kitu ya munganga haiwezi kuwa muchafu, mwana wangu."

Hakukichemsha. Alikifuta kwa kitenge chake kipya, akaanza kunyoa taratibu huku akimwimbia mtoto. Nyuma ya sikio kisu kiliparuza ngozi. Likatoka tone moja la damu. Akalifuta kwa kidole, akambusu mjukuu wake.

Siku chache baadaye Yakubu akashindwa kunyonya. Taya zikakaza, mwili ukapinda. Hospitalini, muuguzi Wellars aliona kidonda nyuma ya sikio, akauliza mtoto alinyolewa kwa kitu gani. Alipoambiwa, alikitazama tena kidonda. Kisha akaeleza kwamba hiyo ni pepopunda, na kwamba uchafu wa shimoni uliingia na kile kisu. Yakubu alifariki kabla ya adhana ya alasiri.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sijui kama waliwahi kumfikiria mtu kama Saidati.

Mukamusoni hakumtukana. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimpikia, alimwamkia kila asubuhi, lakini usoni hakumtazama. Saidati alitaka neno moja tu kutoka kwa mkamwana wake: nimekusamehe. Hakuthubutu kuliomba.

Basi akaenda kwenye shimo. Alimsumbua Wellars mpaka hospitali ikakubali lichimbwe jingine. Wanaume wa mtaa wa Nengo wakavunja mwamba kwa mitaimbo, naye akiwalisha vitumbua. Tangu hapo bendeji zilichomwa moto. Visu na sindano zilizoharibika zilitiwa katika kopo la maziwa, kopo likazibwa, likafukiwa chini kabisa. Juu pakawekwa kifuniko cha bati. Kila alipomaliza biashara alipita kukagua, na aliyesogea kuokota alifukuzwa kwa maneno makali. Mji ukamcheka, ukamwita Mama Shimo.

Mukamusoni alipojifungua tena, mtoto wa kike, alimpelekea Saidati wembe mpya, bado umo katika karatasi yake. Saidati akauchemsha. Akaushika, akakitazama kichwa cha mtoto. Akaurudisha kwa mkamwana wake. Mukamusoni akanyoa mwenyewe. Wote wawili walilia, kila mmoja akitazama upande wake.

Mwaka huu wa 1958 kifua kilimzidi Saidati. Wellars alipomchoma dawa, sindano ikapinda. Mama akafumbua macho. "Ile shindano, munaenda kuitupa wapi?" Wellars akamwonyesha kopo. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Aliyeuosha mwili wake ni Mukamusoni. Tulipomtembelea juzi, alituambia hivi: "Mi nilingoja aniombe. Ye alingoja mi nianze. Miaka yote ile, tuko mu nyumba moja. Nilimuambia wakati namuosha: mama, ulimunyoa na mapendo, mi nilishakusamehe zamani. Namuambia, na maji inaendelea tu kumwangika."

Tunawapa pole Dauda, Mukamusoni na binti yao. Mungu amlaze Saidati pema, pamoja na Yakubu wake.

Wasikilizaji wapendwa, kitu hakiwi safi kwa sababu kimetoka kwa daktari. Narudia: hakiwi safi. Chenye makali kitieni katika kopo, lizibeni, lifukieni chini. Na wewe, kama nyumbani mwako yuko mtu anayengoja neno lako, zima redio hii, mwendee sasa. Bado anasikia.