Duara la Bwana Oosthuysen

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bwana Barend Oosthuysen, meneja wa Klabu ya Raga na Netiboli ya Rietkop, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza kama karani wa ratiba, na hata alipopewa umeneja hakuacha ukarani. Kila filimbi ina namba, kila mpira una faili. Wasichana wa netiboli walipofiwa na kocha wao, aliwapelekea barua ya pole yenye nafasi ya kusaini kwamba wameipokea.

Miaka tisa iliyopita chama cha mkoa kilileta wataalamu wa kupima namna mameneja wa michezo wanavyopenda kufikiri, ili ijulikane nani anafaa kuongoza. Maswali mia na ishirini! Bwana Oosthuysen alikuwa anahesabu koni za mazoezi, basi akampa fomu mtunza vifaa, Mma (yaani Mama) Keneilwe Tsotetsi.

"Nijazie, Mma. Si unanijua miaka yote hii?"

"Mjomba, mimi ninachokijua ni saizi ya fulana yako tu."

Hata hivyo akajaza. Maswali yalimwuliza "wewe ungefanyaje", naye akajibu ambavyo yeye mwenyewe angefanya.

Matokeo yakaja: duara lenye robo nne, za takwimu, utaratibu, ubunifu na watu, na robo ya watu imeumuka kama andazi. Wataalamu wakaandika kwamba hawajapata kuona kiongozi anayewasikiliza watu namna ile. Bwana Oosthuysen akalitia fremu, akalitundika nyuma ya kiti chake, na tangu hapo akawa anatusikiliza: kila Jumanne, saa nne hadi saa nne na robo, kwa mpangilio wa alfabeti.

Ofisi nzima ilijua nani aliyejaza ile fomu. Tulicheka jikoni tukanyamaza, na hilo linaniuma. Mma Keneilwe, ambaye wachezaji humpigia simu yeye kwanza wakiumia, na aliyewabakiza tisa waliokwisha kufunga mabegi, ameomba umeneja msaidizi mara tatu. Mara zote tatu Bwana Oosthuysen amemkatalia kwa barua safi: hana kipimo cha fikra za uongozi.

Jumamosi, kwenye nyama choma ya kumuaga, aliinua glasi kuelekea ofisini kwake.

"Jamani, liangalieni lile duara. Mimi ndiye yule!"

Mma Keneilwe akamwongezea soseji. "Kula, Mjomba, inapoa."

Yeye hana moyo wa kumwaibisha mzee. Mimi ninao.

Bodi inakaa Jumatatu kuchagua meneja mpya, na ombi la nne la Mma Keneilwe liko mezani. Kipimo chake kipo, kimening'inia ukutani miaka tisa. Fomu yenyewe, yenye mwandiko wake, nimeikuta stoo ndani ya faili namba 214. Kwa hilo tunamshukuru Bwana Oosthuysen kwa dhati, maana hajawahi kupoteza karatasi.

Mzee wetu, tunakuombea afya njema na wajukuu wenye utaratibu. Filimbi chukua zote. Duara tu tunaomba uliache ukutani. Lina mwenyewe.

Tebello Ramokgadi, Ofisi ya Tiketi