Nikodemo Shemndolwa na Oili Iliyokuwa Imwagwe

Baba Paroko, wazazi wetu, shikamooni, nanyi waombolezaji wote, poleni kwa msiba; ninasoma wasifu wa marehemu kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake, Abrahamu.

Kaka yetu Nikodemo Shemndolwa alizaliwa Rangwi tarehe 3 Machi 1979, akasoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1993, kisha akajifunza ufundi wa magari Tanga, na mwaka 2009 akaajiriwa na ushirika wetu wa mboga, akiendesha gari lake la milimani na kulitengeneza mwenyewe.

Tarehe 12 Juni 2004 alifunga ndoa na Sesilia, wakajaliwa watoto wawili, Jenoveva na Alen.

Marehemu hakuugua. Aprili mwaka huu wa 2025 gari lilivuka mto uliofurika, maji yakaingia kwenye difu ya nyuma, ile gia inayozungusha magurudumu, oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, naye akaitia kidogo kwenye chupa, akaipeleka kwenye kikao cha ushirika, akaomba imwagwe yote, iwekwe mpya. Mwenyekiti, uliyekaa hapo mbele, ulimjibu, "Niko, gari si mtoto mchanga, halibadilishwi nepi kila siku, ongezea juu yake litembee," na kikao kikacheka. Akasema, "Mzee, maji hayalainishi chuma." Mkacheka tena.

Tarehe 9 Mei, kwenye mteremko wa Mlola, akiwa na shehena ya kabichi, difu ilikamata, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, gari likaserereka hadi bondeni, na tarehe 11 akafariki hospitalini Lushoto.

Jana tuliombwa tuandike hapa kwamba ilikuwa kazi ya Mungu. Hatukuandika. Mvua ni ya Mungu, lakini nati ya kumwagia oili iliwekwa ifunguliwe na watu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomtoa bondeni kwa machela ya miti, na madereva wenzake. Ushirika umetuletea gari lake la pili libebe jeneza, nalo lilivuka mto ule ule, na difu yake haijafunguliwa. Lirudi. Vijana, shikeni jeneza, tutapanda kwa miguu hadi makaburini, na mwenyekiti, ukipenda, njoo ushike upande mmoja.

Kaka Niko, pumzika kwa amani, hasira tuachie sisi.