Sanduku Jekundu la Pikapu ya Kijiji

Upepo wa asubuhi wa Sumbawanga haumwonei mtu haya, ndiyo maana benchi la Philipo pale Katandala halikosi wateja: kahawa yake ina moto, na maneno yana moto zaidi. Siku hiyo Anyosisye, dereva wa pikapu ya kijiji cha ujamaa, alishika kikombe bila kunywa. Sanduku jipya jekundu la plastiki, lenye spana zote za kijiji, lilikuwa limeruka kutoka nyuma ya gari mara mbili kwenye mteremko wa kwenda Ilemba. Mwenyekiti wa kijiji hakumung'unya maneno: likianguka tena safari ya kesho, usukani anapewa utingo wake, Flavian. Na Anyosisye alilipenda gari lile kupita kiasi, wala hakuona aibu kulisema.

— Ulilifungaje? akauliza Adolfu, aliyeitwa Injinia kwa kuwa aliwahi kuwashikia kamba wapima barabara.

— Kwa bolti. Nikatoboa chini, nikakaza. Gari likatikisika, plastiki ikachanika kwenye matundu. Bolti zimebaki, sanduku limekwenda.

— Basi ongeza bolti! Piga ishirini!

— Hilo litakuwa chekecheo, akasema Oswaldi, waliyemwita Redio maana akianza hazimiki. Mimi ningelijaza mawe.

— Na spana?

— Spana weka mfukoni, bwana!

Philipo akacheka mpaka birika likayumba. Injinia hakukubali kupitwa.

— Mawe ya nini? Mwaga zege. Sanduku na gari viwe kitu kimoja.

— Siku nikitaka spana?

— Unavunja zege. Nyundo si imo humo humo?

— Zege ni gharama kwa taifa, Redio akapaza sauti. Kijiji kiteue mlinzi wa kulikalia, kwenda na kurudi, kwa zamu. Kila balozi wa nyumba kumi atoe mtu mmoja mzito!

Hata Anyosisye akacheka. Ndipo akafika Bertilla, mpika pombe ya ulezi kutoka Milanzi, ambaye pipa lake hushuka Ilemba kila Jumamosi kwa pikapu hiyo hiyo. Akaomba kikombe, akasikiliza kidogo.

— Dereva, pipa langu limewahi kuanguka?

— Pombe? Ianguke? wakasema wote kwa pamoja.

— Kwani huwa unalifungaje?

— Nalisukuma mpaka liegemee kabini, akasema Anyosisye. Chini naweka gunia la pumba lisiteleze. Kamba ya katani inapita juu, napiga msalaba, kulabu hadi kulabu, halafu...

Mara akaruka kutoka kwenye benchi.

— Na hujalitoboa hata tundu moja, akasema Bertilla.

Furaha ikamjaa Anyosisye, kahawa akaimaliza kwa pumzi moja. Usukani ulikuwa wake.

— Ndicho nilichokuwa nakaribia kusema, akasema Injinia.

— Nimefurahi, baba zangu, akasema Bertilla. Ila kesho ni Jumamosi, na kulabu za kabini ni mbili tu, za mzigo mmoja. Sasa pipa langu litakaa wapi?

Anyosisye akaketi tena polepole. Injinia akachungulia kikombe chake. Redio akazimika. Wakamgeukia Philipo, naye akainamisha birika mpaka mwisho, halikutoka hata tone: kahawa imekwisha, na maneno pia.